Uuguzi wa Afya ya Jamii Huanza na Asiyekuja Kliniki

Mwanafunzi wa uuguzi anaporejea chuoni baada ya wiki zake za mafunzo kwa vitendo katika jamii, ripoti anayoiwasilisha huwa imejaa namba za watu aliowahudumia: watoto waliochanjwa, wajawazito waliopimwa, wagonjwa wa shinikizo la damu waliopewa dawa, vipindi vya elimu ya afya vilivyofanyika na idadi ya waliohudhuria. Nimezisoma ripoti za namna hiyo kwa miaka mingi, na nyingi ziliandikwa kwa bidii inayostahili heshima. Hata hivyo, kila ninapofika ukurasa wa mwisho hujikuta na swali lile lile ambalo ripoti haikuligusa: katika eneo ulilopangiwa, ni nani ambaye hakuja, na ni nini kilichomzuia?

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo kiini cha somo zima la uuguzi wa afya ya jamii, na mwanafunzi asiyelijua atakuwa amejifunza uuguzi wa wodini uliohamishiwa nje ya wodi. Wodini, mgonjwa yupo mbele ya muuguzi. Kitanda chake kinajulikana, jalada lake lipo, na akikosekana kitandani kwa saa moja kila mtu atauliza amekwenda wapi. Katika jamii hakuna kitanda kitupu kinachomshtua mtu. Mtoto ambaye hakupata dozi yake ya pili haachi pengo linaloonekana kwenye foleni ya kliniki, kwa kuwa foleni huwa imejaa hata bila yeye, na muuguzi hufunga siku akiwa amechoka na ameridhika.

Tulipokuwa shule ya msingi tulifundishwa kwamba katika sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kliniki inampa muuguzi kiasi bila kumwomba jitihada yoyote zaidi ya kuhesabu waliopita mlangoni. Asili, yaani idadi ya wote waliopaswa kupita, haiji yenyewe. Inabidi itafutwe kwa kuhesabu kaya, kuorodhesha wajawazito, kuuliza nani amezaliwa na nani amehamia, na kulinganisha orodha hiyo na rejista. Muuguzi anayesema amechanja watoto 60 mwezi huu hajasema lolote kuhusu afya ya eneo lake mpaka aeleze kama walengwa walikuwa 65 au 120.

Tuchukue mfano wa surua, kwa sababu ugonjwa huu hauna huruma kwa hesabu za kubahatisha. Ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote tunayoyajua, na ili usienee katika jamii inahitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Sasa eneo lenye watoto 100 ambamo 90 wamepata dozi ya kwanza huonekana kuwa limefanya vizuri sana, na mwanafunzi ataandika "asilimia 90" kwa fahari. Lakini dozi moja inayotolewa mtoto akiwa na miezi tisa huwakinga takriban watoto 85 kati ya kila 100 wanaoipata. Kati ya wale 90, basi, waliokingwa ni kama 76 au 77, na watoto 23 au zaidi bado wako wazi. Hapo ndipo dozi ya pili inapopata maana yake: inawapa nafasi nyingine wale ambao ya kwanza haikuwashika, na vilevile inawapata baadhi ya waliokosa kabisa. Kuna jambo la tatu ambalo wastani hulificha. Watoto wasiochanjwa hawatawanyiki sawasawa katika eneo zima kama mbegu zilizomwagwa kwa mkono mmoja. Mara nyingi wamekusanyika pamoja, katika mtaa ule ule, kambi ile ile, au miongoni mwa familia zilizohamia karibuni na ambazo hakuna aliyeziandika. Asilimia 90 ya eneo zima inaweza kuficha mtaa mmoja wenye asilimia 40, na surua itaupata mtaa huo bila kuuliza wastani.

Hesabu nyingine ambayo ningependa kila mwanafunzi aweze kuifanya bila kufungua daftari ni ya kiwango cha watoto wanaoishia njiani. Chukua waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza, kisha zidisha kwa 100. Iwapo walianza 100 na wakamaliza 82, walioishia njiani ni asilimia 18, na kwa kawaida kiwango kinachozidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa tatizo linalohitaji kushughulikiwa. Thamani ya hesabu hii iko katika tafsiri yake. Eneo ambalo hata dozi ya kwanza imetolewa kwa wachache lina tatizo la kufikika: huduma iko mbali, siku zake hazijulikani, au mto hukata njia nusu ya mwaka. Eneo ambalo wengi walianza lakini wakaishia njiani lina tatizo la namna nyingine. Wazazi hao waliijua njia na waliipita, kisha wakakutana na jambo lililowafanya wasirudi, na mara nyingi jambo hilo liko ndani ya kituo chenyewe: chanjo ilikuwa imekwisha, walisubiri tangu alfajiri hadi mchana, walikemewa mbele ya watu kwa kusahau kadi, au hakuna aliyewaambia kwamba homa ya siku moja baada ya chanjo ni ya kawaida. Mwanafunzi anayeelewa tofauti hii hataandika "elimu itolewe kwa jamii" kama pendekezo la kila tatizo. Wakati mwingine anayehitaji kuelimishwa ni mtoa huduma.

Historia ya taaluma yetu nayo hufundishwa kama orodha ya majina na miaka ya kukariri, na mwanafunzi hukosa kuona kwamba karibu kila hatua yake kubwa ilipigwa na mtu aliyeamua kumfuata asiyeonekana. Uchunguzi wa daktari John Snow kuhusu kipindupindu jijini London mwaka 1854 husimuliwa kwa bomba la maji la mtaa wa Broad Street, alilolitambua kuwa chanzo cha maambukizi, na ramani ya vifo, na wengi huishia hapo. Kilichoipa hoja yake nguvu ni kwamba aliwauliza pia wale ambao hawakufa. Karibu na bomba lile palikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, na waliokufa humo kwa kipindupindu walikuwa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia cha mtaa ule ule chenye wafanyakazi zaidi ya 70 hakufa hata mmoja, nao hawakuwa wakinywa maji ya bomba. Angekaa kliniki akihesabu wagonjwa wanaoletwa, asingeliona jambo hili kamwe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1902 jijini New York. Madaktari wakaguzi walikuwa wakipita shuleni na kuwarudisha nyumbani watoto wenye magonjwa ya kuambukiza ya macho na ngozi, na pia wenye chawa. Kazi yao ilifanyika kwa ukamilifu, ila mtoto akisharudishwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumfuata. Mzazi alipewa karatasi, pengine hakuweza kuisoma, mtoto akabaki mitaani bila tiba na bila masomo. Lillian Wald, muuguzi aliyekuwa ameanzisha huduma ya uuguzi wa majumbani kwa wahamiaji maskini wa jiji hilo tangu mwaka 1893, alimtoa muuguzi mwenzake Lina Rogers afanye kazi katika shule nne kwa majaribio ya mwezi mmoja. Rogers aliwatibu shuleni wale walioweza kutibiwa bila kuondoka darasani, na wale waliorudishwa nyumbani aliwafuata huko huko, akamwonesha mama jinsi ya kusafisha kidonda na kupaka dawa. Majaribio hayo yakafungua njia ya kuajiriwa wauguzi wengine wa shule. Septemba 1902 watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa zaidi ya 10,000. Septemba ya mwaka uliofuata walikuwa takriban 1,100. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni mtu wa kubisha hodi.

Kubisha hodi, basi, ni ujuzi, na ndio sehemu ya mafunzo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Ziara ya nyumbani huanza kabla ya kuondoka kituoni: muuguzi husoma kadi ya familia, huamua lengo la ziara, na hupanga mfuatano wa nyumba. Mfuatano huo una sababu. Nyumba yenye mtoto mchanga na mama aliyejifungua hutembelewa kwanza, wajawazito hufuata, kisha wagonjwa wengine, na mwenye ugonjwa wa kuambukiza huwekwa mwisho, ili muuguzi asiwe yeye ndiye njia ya kupeleka vijidudu kutoka kaya moja hadi nyingine. Mkoba wake nao una adabu yake. Huwekwa juu ya karatasi safi au plastiki, hauwekwi sakafuni wala kitandani kwa mgonjwa. Sabuni na taulo hukaa juu kabisa, kwa sababu mikono hunawa kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani yake. Vilivyotumika havirudi kuchanganyika na visafi. Nimewahi kuona wanafunzi wakifanya hatua hizi zote bila kosa mbele ya msimamizi, kisha wakakaa, wakauliza maswali ya kwenye fomu moja baada ya jingine, wakaaga na kuondoka bila kugundua kwamba katika nyumba ile kulikuwa na bibi aliyelala chumba cha nyuma kwa miezi minne. Hakuna aliyemtaja kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Fomu ilikuwa ya watoto.

Kwa mtoto mchanga jambo hili huwa la kufa na kupona. Takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza ya maisha, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya saba na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Tukitazama ratiba hiyo tunaona ugumu wake papo hapo: siku ya tatu ndiyo siku ambayo mama aliyejifungua ana uwezo mdogo kabisa wa kusafiri, na mama aliyejifungulia nyumbani, aliye peke yake au anayetokwa damu ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Tukimngoja aje, tutakuwa tumeweka utaratibu unaowahudumia wenye nafuu. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, alilieleza jambo hili mwaka 1971 aliposema kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kinyume na mahitaji ya watu: wanaoihitaji zaidi ndio wanaoipata kwa uchache zaidi. Mwanafunzi anaweza kuikubali kauli hiyo darasani bila taabu. Kuitambua ndani ya ratiba yake mwenyewe ya wiki ni kazi nyingine.

Magonjwa yasiyoambukiza yamelifanya suala hili kuwa kubwa zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021, watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanalo. Karibu nusu, kwa maneno mengine, hawana sababu yoyote wanayoijua ya kwenda kliniki, kwa kuwa hawaumwi. Wanafunzi wetu hukariri ngazi tatu za kuzuia maradhi na huzitaja kwa mpangilio mzuri kwenye mtihani: kuzuia ugonjwa usitokee, kuugundua mapema, kupunguza madhara yake. Ngazi ya pili haiwezi kufanyika kwa mtu anayekaa nyuma ya meza.

Takwimu zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu ambao mitihani ya kuchagua jibu sahihi haiupimi. Idadi ya wagonjwa wapya kwa kipindi fulani ni jambo moja, na idadi ya wote walio na ugonjwa kwa wakati fulani ni jambo jingine. Mahali ambapo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimesambaa vizuri, idadi ya wanaoishi na virusi inaweza kupanda huku maambukizi mapya yakishuka, kwa sababu tu watu hawafi tena kama zamani. Mwanafunzi anayeona mstari unapanda akatangaza kwamba huduma imeshindwa, amesoma mafanikio akayaita maafa.

Lugha tunayoitumia inastahili uchambuzi wake, maana inaeleza tunavyomwona mtu ambaye hakuja. Katika vituo vingi anayekatisha dawa za kifua kikuu huitwa mtoro. Neno hili tunalitumia kwa mwanafunzi aliyekwepa shule na kwa askari aliyekimbia jeshi. Limebeba hukumu kabla ya maelezo. Tiba ya kifua kikuu kisicho sugu kwa kawaida huchukua miezi sita, na kikohozi mara nyingi hutulia wiki za mwanzo, wakati vijidudu bado vimo mwilini. Mtu anayejisikia mzima, ambaye kila siku ya kufuata dawa ni siku ya kibarua iliyopotea, anafanya uamuzi unaoeleweka hata kama una hatari. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha istilahi zake za taarifa za kifua kikuu, likaacha neno la Kiingereza lililokuwa na maana inayokaribia hilo la utoro na kuweka lenye maana ya mgonjwa aliyepotea katika ufuatiliaji. Tofauti si ya maneno matupu. Mtoro anatafutwa ili aadhibiwe. Aliyepotea anatafutwa ili apatikane, na swali la kwanza linakuwa ni nani aliyepaswa kumfuatilia.

Hata hivyo, hoja yangu ina hatari yake, na sitaki kuipita kwa haraka. Kumfuata asiyekuja kunaweza kugeuka upelelezi. Muuguzi mwenye sare akionekana mlangoni mwa nyumba moja kila wiki, majirani watauliza, na kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au msichana aliyepoteza ujauzito, ziara iliyokusudiwa kumsaidia inaweza kumfukuzisha nyumbani. Vilevile mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuelezwa, kuelewa, na kukataa. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuomba ridhaa ya kutembelewa mapema, mtu akiwa bado kliniki: tukikukosa, tukutafute vipi, kwa simu au kwa kuja, saa ngapi, na tujitambulishe kama nani? Maswali hayo manne huchukua dakika mbili. Na mtu akikataa, muuguzi aandike kwamba amekataa na sababu alizozitoa, kisha amwachie mlango wazi. Kukataa kulikosikilizwa ni taarifa muhimu. Huenda kukaeleza kwa nini wengine kumi hawakuja.

Kuna watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, wodi zimejaa, na ni afadhali mwanafunzi ajue kwanza kuweka sindano ya mshipa kabla ya kuzunguka mitaani. Uchache huo ni wa kweli na sina nia ya kuupuuza. Lakini mtoto anayelazwa kwa utapiamlo mkali alipita miezi kadhaa ya kukonda nyumbani, na kanda ya kupimia mzunguko wa mkono, yenye rangi nyekundu chini ya milimita 115 na njano hadi milimita 125, ingemwona akiwa bado kwenye njano. Wodi iliyojaa, kwa sehemu kubwa, ni matokeo ya nyumba ambazo hazikutembelewa.

Elimu ya afya nayo hubadilika muuguzi anapokuwa nyumbani kwa mtu. Kwenye mkutano, mwanafunzi husema pakiti moja ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini huchanganywa na lita moja ya maji safi, na watu huitikia. Nyumbani anaweza kumwomba mama amwoneshe chombo atakachotumia, na hapo hugundua kwamba chombo kile kinachukua nusu lita, kwamba hakuna kipimo kingine, na kwamba vidonge vya zinki viliachwa siku ya tatu, kuharisha kulipokoma, badala ya kuendelea kwa siku 10 hadi 14. Mama alisikia kila neno kliniki na hakudanganya aliposema ameelewa.

Ningependa vyuo vibadilishe jambo moja katika mafunzo kwa vitendo, jambo lisilohitaji bajeti mpya. Badala ya kumgawia mwanafunzi siku za kukaa kituoni peke yake, apewe kaya 20 zinazopakana, azihesabu mwenyewe tangu siku ya kwanza, ajue nani anaishi humo, na abaki nazo hadi mwisho wa kipindi chake. Alinganishe orodha yake na rejista ya kituo na aandike kila jina lililoko nyumbani ambalo haliko kwenye rejista. Kisha msimamizi, anapokuja kumpima, asimwombe aeleze maana ya jamii wala ataje majukumu saba ya muuguzi. Amwombe ampeleke kwenye nyumba moja ambayo mlango wake ulifunguliwa katika ziara ya tatu, na njiani amweleze alichokosea katika ziara ya kwanza na ya pili.